Kijiko Mbele, Uzito Nyuma

Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na watu zaidi ya 130 wakapoteza maisha kwa mafuriko na maporomoko ya udongo. Wilaya ya Rubavu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Mto Sebeya, unaopita Kanama, Nyundo na Rugerero kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Kivu, ulivunja kingo zake ukaingia majumbani, madukani na mashambani. Maji yalipopungua, tope likabaki. Watu walizika wapendwa wao, kisha wakageukia kazi isiyo na njia ya mkato: kuinua na kuondoa. Tope, mawe, magogo, kuta zilizolala, mabati yaliyokunjamana.

Kazi hiyo haikuanza na mafuriko wala haikuisha nayo. Anayeijua Gisenyi na vilima vinavyoizunguka anajua kuwa maisha ya huku ni ya kubeba. Mbolea hutoka zizini kwenda shambani. Magunia ya viazi hushuka kutoka Busasamana, Bugeshi na Mudende. Mchanga na mawe ya volkano huenda kwenye ujenzi, na bidhaa huvuka mpaka kila siku kwenda na kurudi Goma. Tangu mwaka 2024 kuna pia bandari mpya Nyamyumba, na bandari maana yake ni kupakia na kupakua. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo bado inapita kichwani, mgongoni na kwenye baiskeli.

Matrekta ni machache katika milima hii, na sababu zinaonekana kwa macho: mashamba madogo, miteremko mikali, mawe. Hata hivyo, ushirika au mkandarasi mdogo anayefikiria kununua trekta ana kishawishi kizuri cha kulitaka lenye kijiko mbele. Msimu wa kulima linalima. Msimu ukiisha linapakia mbolea, linasogeza mchanga, linazibua mtaro, linaondoa tope barabarani. Mashine moja, kazi za mwaka mzima. Nakubaliana na hesabu hiyo kabisa. Ninachotaka kukisema ni kile ambacho mara nyingi hakitajwi wakati wa mauziano, nacho kinaamua kama dereva wa trekta hilo atarudi nyumbani jioni: trekta likifungwa kijiko mbele, lazima lifungwe uzito nyuma. Tena uzito uliopimwa, uliofungwa mahali pake. Kwa nchi ya milima, hilo ni sharti la kazi yenyewe.

Trekta tulilolizoea

Ugumu wa jambo hili unaanzia kwenye mazoea. Afrika Mashariki imelifahamu trekta kupitia plau na tela. Plau linapozama ardhini na trekta likavuta, uzito huhamia nyuma, na pua ya trekta huwa nyepesi. Dereva aliyelima Nyagatare, Morogoro au Eldoret ameshawahi kuusikia usukani ukilegea mikononi, magurudumu ya mbele yakigusa ardhi kwa kubembeleza. Dawa yake inajulikana: kuning'iniza vyuma vizito kwenye pua, vimepangwa safu moja kama vitabu. Ndiyo maana matrekta mengi huuzwa yakiwa na vyuma hivyo mbele.

Hata historia ya trekta la kisasa imejengwa juu ya hofu hiyo ya pua kunyanyuka. Harry Ferguson, fundi kutoka kaskazini mwa Ireland, alisumbuliwa na matrekta ya zamani yaliyokuwa yakimpindukia dereva kwa nyuma pale plau liliponasa kwenye jiwe au kisiki. Jibu lake lilikuwa mfumo wa mikono mitatu ya kuinulia nyuma ya trekta, miwili chini na mmoja juu, ukisaidiwa na nguvu ya mafuta yaliyoshinikizwa. Mwaka 1939 mfumo huo ulifungwa kwenye trekta la Ford 9N huko Marekani, na leo karibu kila trekta la shamba duniani lina mikono hiyo mitatu.

Kijiko kinaigeuza hesabu yote. Uzito sasa uko mbele, tena mbele ya magurudumu ya mbele, unaning'inia hewani. Kinachonyanyuka ni mkia. Dereva mwenye miaka kumi ya plau, mwenye tahadhari zote za plau, anapanda kwenye mashine inayotaka tahadhari zilizo kinyume. Na vile vyuma vya puani vilivyokuwa rafiki zake wakati wa kulima, sasa vinaongeza tatizo lile lile analotakiwa kulipunguza. Siku kijiko kinapofungwa, vyuma hivyo vinapaswa kutoka.

Hesabu ya kilo

Tuchukue mfano wa trekta dogo la kilo 2,500, lenye mita mbili kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Likiwa tupu, tuseme kilo 1,000 ziko kwenye ekseli ya mbele na 1,500 nyuma. Sasa lifunge mikono ya kijiko na kijiko chenyewe, jumla kilo 450, kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 60 mbele ya ekseli ya mbele. Kisha jaza kijiko tope la kilo 700, likiwa mita moja na nusu mbele ya ekseli hiyo hiyo.

Ekseli ya mbele sasa inabeba kilo 2,810. Ya nyuma imebaki na 840. Angalia vizuri: tumepakia kilo 1,150, lakini mzigo wa mbele umeongezeka kwa kilo 1,810. Zile 660 zaidi zimetoka wapi? Zimetoka nyuma. Ekseli ya mbele imekuwa egemeo, mzigo unasukuma chini upande mmoja na mkia unainuka upande wa pili, na kila kilo inayoondoka kwenye magurudumu ya nyuma inatua mbele. Ekseli iliyotengenezwa kwa mzigo wa kawaida inabeba karibu mara tatu yake. Beringi zinaumia, pini za usukani zinalika, matairi ya mbele yanabonyea mpaka ubavu unatuna, na usukani unakuwa mzito.

Funga sasa sanduku la zege la kilo 600 kwenye ile mikono mitatu ya nyuma, mita moja na sentimita ishirini nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma inapanda hadi kilo 1,800. Ya mbele inashuka hadi 2,450. Sanduku lenyewe lina kilo 600, lakini nyuma pameongezeka 960, kwa sababu sasa egemeo limehamia nyuma na sanduku linaivuta pua juu. Uzito mmoja umefanya kazi mbili: umekandamiza nyuma na umeipunguzia mbele kilo 360.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo wanunuzi wengi hawaelezwi. Ungeweka kilo zile zile 600 ndani ya magurudumu ya nyuma, kwa maji au kwa vyuma vya kufunga kwenye rimu, nyuma pangefika kilo 1,440, ambayo ni afadhali kubwa. Lakini mbele pangebaki 2,810, bila kupungua hata kilo moja, kwa kuwa uzito uliokaa juu ya ekseli haufanyi kazi ya mkono wa mizani. Kwa hiyo maji kwenye matairi ni mazuri, lakini hayachukui nafasi ya uzito uliofungwa nyuma kabisa. Vikikaa vyote viwili, dereva atalala usiku bila wasiwasi.

Trekta huanguka ubavu

Mtu asiyeendesha akisikia habari hizi hudhani hatari ni trekta kuinama kifudifudi na kuangukia pua. Hilo hutokea, na mara nyingi huishia kwa dereva kushtuka, kushusha kijiko, na magurudumu ya nyuma kurudi chini kwa kishindo. Hatari inayoua ni ya ubavu.

Ekseli ya mbele ya trekta imeshikwa katikati kwa pini moja, ili iweze kucheza juu na chini kwenye ardhi isiyo sawa. Hivyo, ijapokuwa trekta lina magurudumu manne, limesimama juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya nyuma, na ile pini moja ya katikati mbele. Kitovu cha uzito kikikaa nyuma, karibu na upande mpana wa pembetatu, trekta linavumilia mteremko. Kikisogea mbele, kinaingia kwenye ncha nyembamba, ambako hatua ndogo tu kushoto au kulia inakitoa nje ya mstari. Na kitovu kikishatoka nje ya mstari, hakuna dereva hodari.

Ongeza hapo kijiko kilichoinuliwa. Mikono inapopanda, mzigo huenda mbele kwanza kabla ya kwenda juu. Mikono ikiwa imelala usawa, mzigo uko mbali kabisa na trekta. Ikizidi kupanda, kitovu cha uzito kinapanda nayo. Sasa weka gurudumu moja la mbele juu ya jiwe, au liingize lile la upande wa bondeni kwenye shimo. Katika mashamba ya Rubavu, yenye mawe ya volkano yaliyochimbuliwa na kupangwa kuta mipakani, huhitaji kulitafuta jiwe hilo. Uzito wa nyuma unakirudisha kitovu kwenye upande mpana wa pembetatu, na sanduku likining'inia chini linakishusha pia. Ndiyo sababu nasisitiza: hata kama trekta lina nguvu ya kuinua mzigo bila mkia kunyanyuka, bado linahitaji uzito nyuma. Mkia kutonyanyuka si ushahidi wa usalama.

Breki ziko nyuma

Jambo la pili linalohusu milima ni breki. Kwenye matrekta mengi ya kawaida, breki za mguu hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Gurudumu likiwa na kilo nyingi juu yake, linashika ardhi na breki inafanya kazi. Likiwa jepesi, breki inalifunga na linateleza kama kiatu kwenye utelezi. Dereva anayeshuka kutoka Kanzenze na kijiko kimejaa, nyuma pakiwa patupu, ana breki nzima zisizo na kitu cha kukandamiza. Anakanyaga, magurudumu yanasimama, trekta linaendelea.

Watu wa mpaka huu wanaijua kanuni hiyo hata bila trekta. Chukudu, ile skuta kubwa ya mbao inayobeba viazi, makaa na kabichi kuteremka kutoka Kibumba hadi Goma, breki yake ni kipande cha tairi kinachokandamizwa kwa mguu dhidi ya gurudumu la nyuma. Anayeisukuma hapangi magunia ovyo. Anayapanga chini na kuyakaza, uzito wa kutosha ukilalia gurudumu la nyuma, kwa sababu anajua kwamba akipakia mbele kupita kiasi, kwenye mteremko wa kwanza atakuwa na breki ya jina tu. Goma wameijengea chukudu sanamu kubwa katikati ya mji. Wanaostahili heshima hiyo hiyo ni wale wanaoipakia kila alfajiri bila kukosea.

Trekta linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne linasaidia, kwa kuwa likiunganishwa, mzunguko wa magurudumu ya mbele hufungwa pamoja na wa nyuma, na breki za nyuma huyashika yote. Kwa kazi ya kijiko mlimani, magurudumu manne yaunganishwe kabla ya kuanza kuteremka, si katikati ya mteremko. Lakini hilo nalo ni msaada juu ya uzito wa nyuma, halichukui nafasi yake.

Kuna pia kanuni ya mwelekeo ambayo kila dereva wa kijiko angepaswa kuifahamu kabla ya kupewa ufunguo: upande mzito uangalie mlima. Kijiko kikiwa kimejaa, panda mbele, shuka kinyumenyume. Kijiko kikiwa kitupu na nyuma pana uzito mkubwa, mambo hugeuka. Na kamwe usikate mteremko ukiwa umeinua kijiko. Kibaki chini, sentimita chache juu ya ardhi, ili tu kisiguse mawe.

Kilo za tope na kilo za samadi

Dereva huzoea ujazo, lakini ekseli inajali uzito. Kijiko cha lita 400 kikijazwa samadi iliyokauka na kulegea kinaweza kubeba kilo 200 hivi. Kijiko kile kile kikijazwa tope lililoloa la mtoni kinakaribia kilo 700. Kwa jicho la dereva vyote viwili ni kijiko kimoja kilichojaa. Trekta lililopakia samadi miezi sita bila shida yoyote linaitwa siku ya mafuriko kusaidia jirani, na ndipo linapobeba mara tatu na nusu ya kilichozoeleka, kwenye ardhi laini, kando ya mto, watu wakiwa wamesimama karibu kwa sababu ni siku ya dharura. Nikifikiria Sebeya, hilo ndilo linaloninyima raha. Nia ni njema na haraka ina sababu, lakini fizikia haisamehi.

Ishara za hatari hujitokeza kwa anayetazama. Shuka chini utazame alama ambazo matairi ya nyuma yameacha udongoni. Tairi lenye uzito wa kutosha huchapa meno yake yote, makali na yenye kina. Tairi jepesi huacha michirizi ya juu juu, au udongo uliosagika pale lilipozunguka bila kushika. Tazama matairi ya mbele yakiwa na mzigo: ubavu ukituna karibu kugusa ardhi, ekseli inalia. Sikiliza usukani. Kisha fanya jaribio dogo mahali tambarare: jaza kijiko, kiinue kiasi cha mguu mmoja tu, nenda taratibu, kanyaga breki kwa upole. Mkia ukianza kunyanyuka hata kidogo, utausikia kwenye kiti.

Kutengeneza uzito

Habari njema ni kwamba uzito ni kitu rahisi kupatikana. Anza na maji. Ulaya na Marekani ya Kaskazini huchanganya maji ya matairi na chumvi ya kalsiamu ili yasigande wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula rimu. Gisenyi, iliyo ukingoni mwa ziwa lililo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, haina baridi ya kugandisha maji, kwa hiyo maji matupu yanatosha. Valvu huwekwa juu, maji huingizwa mpaka yafike kimo cha valvu, takriban robo tatu ya tairi, na sehemu inayobaki hujazwa upepo ili tairi liendelee kunepa. Lita moja ni kilo moja. Tairi la nyuma la trekta dogo au la kati linaweza kuchukua lita 150 hadi 300 kulingana na ukubwa wake, na matairi ni mawili.

Kwa uzito wa kufunga nyuma, zege ndilo jibu la bei nafuu. Mita moja ya ujazo ya zege ina kilo 2,400 hivi. Sanduku la urefu wa mita moja, upana nusu mita na kimo nusu mita linatoa kilo 600 kamili. Pipa la lita 200 likijazwa zege linakaribia kilo 480. Fundi anapotengeneza sanduku hilo, kabla ya kumwaga zege anasuka nondo ndani, na kwenye nondo hizo anachomelea pini mbili za chini na sehemu ya pini ya juu, ili mzigo ubebwe na chuma, zege likiwa limezungushwa tu. Kwa matrekta madogo pini za chini ni za milimita 22, kwa ya kati ni milimita 28. Kipimo kikikosewa, mkono wa trekta ama hauingii ama unacheza, na pini inayocheza chini ya kilo 600 hulika hadi ikakatika. Zege limwagiliwe maji na liachwe likomae. Wajenzi wanajua siku 28. Kulifunga siku ya tatu ni kutafuta sanduku lililopasuka barabarani.

Wengi huku watafikiria mawe, kwa kuwa mawe yapo bure kila kona. Hapo pana mtego. Lava iliyotoka kwenye volkano za Virunga mara nyingi imejaa vitundu vidogo kama mkate, na mawe mekundu au meusi yaliyo mepesi, hasa yakipangwa yakiwa na nafasi katikati, yanaweza yasifikie nusu ya uzito wa zege kwa ujazo ule ule. Mtu anajaza sanduku pomoni, analitazama, anaamini ana kilo 600, kumbe ana 250. Dawa haihitaji maabara. Mizani ile ile inayopima magunia ya viazi itapima magunia ya mawe. Pima gunia baada ya gunia, andika kilo kwa rangi ubavuni mwa sanduku, na kila dereva anayelifunga ataona anachofunga.

Kilo ngapi zinahitajika? Jibu liko kwenye kitabu cha trekta na kitabu cha kijiko, wala halifanani kwa kila mashine. Mtengenezaji wa kijiko hutaja uzito unaotakiwa nyuma kwa mzigo kamili, na mtengenezaji wa trekta hutaja kiwango ambacho ekseli, matairi na mikono ya nyuma haviruhusiwi kukipita. Kati ya hizo mbili ndipo pa kukaa. Ukizidisha, unaumiza giaboksi na ekseli ya nyuma, na unakandamiza udongo. Udongo wa volkano wa Rubavu ni laini, una hewa nyingi, na ndio unaotupatia viazi. Trekta lililojazwa uzito bila sababu likipita humo mara kwa mara linauziba, na maji ya mvua yasipozama hushuka kuelekea Sebeya.

Kadhalika, kijiko kikifunguliwa, sanduku nalo lifunguliwe. Trekta lenye kilo 600 nyuma na lisilo na kitu mbele likielekezwa mlimani linaweza kuinua pua, na ile hatari ya enzi za Ferguson itakuwa imerudi.

Mashine zilizozaliwa na mizani yake

Waliobuni mashine za kupakia walilijua hili mapema. Foklifti ya kawaida inayobeba mizigo ghalani ina kipande kikubwa cha chuma mgongoni, kimejengwa ndani ya mwili wake, na hakuna mwenye ghala anayefikiria kukiondoa ili apunguze mafuta. Mashine zenye kijiko mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, ambazo kampuni ya JCB ya Uingereza ilianza kuzitengeneza mwaka 1953 na ambazo leo zinaonekana kwenye kila ujenzi wa barabara, zinasawazishwa na mkono huo wa nyuma hata wakati hauchimbi. Dereva wa mashine hizo hapewi nafasi ya kusahau. Trekta la shamba halina bahati hiyo. Linauzwa bila mizani yake, na kijiko huongezwa baadaye, wakati mwingine na muuzaji mwingine, au na fundi wa kuchomelea aliyepewa picha tu. Uzito wa nyuma unabaki kuwa kitu cha mtu mwingine kukumbuka.

Na mara nyingi hakuna anayekumbuka, kwa sababu anayelipia si anayekaa kitini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ushirika unaona bei ya saruji na nondo, mkandarasi anaona siku zinazopotea zege likikomaa, anayekodisha anaona mafuta yanayoongezeka kidogo kwa kubeba kilo 600 kutwa nzima. Dereva ndiye anayeona bonde chini yake. Mara nyingi ni kijana, analipwa kwa siku, na akikataa kazi kuna mwingine amesimama getini. Kumtaka yeye peke yake adai uzito wa nyuma ni kumwonea.

Sanduku la nyuma liende pamoja na fremu ya kumkinga dereva trekta linapopinduka, na mkanda wa kiti. Sweden ililazimisha fremu hizo kwenye matrekta mapya tangu mwaka 1959, na vifo vya madereva waliopinduka vilipungua sana. Fremu bila mkanda haitoshi, kwa kuwa dereva aliyerushwa nje huangukiwa na fremu ile ile iliyowekwa kumlinda. Uzito wa nyuma unasaidia kuzuia trekta lisipinduke. Fremu na mkanda vinamlinda dereva siku vyote vingine vitakaposhindikana.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaoandaa orodha za manunuzi, kuanzia vyama vya ushirika vya viazi vya Mudende na Busasamana hadi wakandarasi wanaosafisha mitaro ya Mahoko na Nyundo. Popote mnapoandika neno kijiko, andikeni chini yake uzito wa nyuma, kwa kilo, pamoja na pini zinazolingana na trekta lenu. Muuzaji akisema hauhitajiki, mwombeni aoneshe ukurasa wa kitabu unaosema hivyo. Anayekodi trekta lenye kijiko kwa siku moja alitazame nyuma kabla ya kulipa. Akikuta mikono mitatu inaning'inia mitupu, asiruhusu lianze kazi shambani kwake. Saruji, nondo na pipa moja vinapatikana Gisenyi, na fundi wa kuchomelea anaweza kumaliza kazi yake kwa siku moja, kisha zege likaachwa likomae kabla ya masika.